Kardinali Rugambwa: Mwana aliyebatizwa pamoja na wazazi wake

Hayati Laurean Kardinali Rugambwa alizaliwa Julai 12, 1912 Bukongo, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Kagera. Hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo. Alibatizwa Machi 19, 1921, akiwa na umri wa miaka minane, pamoja na wazazi wake.

Hivyo, imani haikumfikia kama agizo la mkubwa kwa mdogo. Waliomlea nao waliinamisha vichwa, wakamtumainia Mungu ambaye mababu zao hawakumjua kwa jina hilo.

Njia aliyoifuata baadaye ilikuwa na gharama. Upadri ulimtaka aache ndoa, katika jamii iliyohesabu uzao kuwa uhai wa ukoo. Alipadrishwa mwaka 1943, akawa askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi. Aliliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968 hadi 1992.

Alifariki dunia Desemba 8, 1997. Mwaka 2012, miaka 100 tangu azaliwe, mabaki yake yalizikwa upya katika Kanisa Kuu la Bukoba, nyumbani kwa wazazi waliomtangulia kuamini kwa kuamini pamoja naye.