Mama Fleming, mtumishi wa nyumba aliyepanga nyota nyekundu

Williamina Stevens alizaliwa tarehe 15 Mei 1857 huko Dundee, mji wa bandari na viwanda katika Scotland. Baba yake alikuwa fundi. Alikufa mtoto angali na miaka 7, na kufikia miaka 14 binti huyo alikuwa tayari anafundisha wadogo shuleni huku yeye mwenyewe akiendelea kusoma. Aliolewa mwaka 1877 na Bwana James Fleming, wakahamia Boston, Marekani. Huko bwana alimwacha, naye akiwa na mimba. Habari ya namna hiyo tunaijua vizuri, kwani karibu na kila chimbo kuna wamama walioachwa hivyo, wenye kubeba mchanga na kutwanga mawe ili watoto wakule.

Yeye alipata kazi ya nyumba kwa Profesa Edward Pickering, mkubwa wa kituo cha kuangalia nyota cha chuo cha Harvard. Watu hupenda kusimulia kwamba siku moja Pickering alikasirikia wasaidizi wake wanaume, akasema hata mtumishi wake wa nyumba angefanya vizuri kuliko wao. Labda ni hadithi tu. Lililo hakika ni kwamba Mama Fleming alirudi kwao kuzaa, akamwacha mtoto na bibi yake, kisha mwaka 1881 akaingia kazini Harvard kwa kudumu.

Kazi yenyewe ilikuwa namna gani? Hakukaa usiku kucha kwenye darubini, hiyo ilikuwa ya wanaume. Darubini ilipiga picha za anga juu ya vioo, na mbele ya lenzi waliweka kioo cha pembe tatu kinachotawanya mwanga kama upinde wa mvua. Basi kila nyota ilitoka kama kamstari kafupi, kenye alama nyeusi ndani yake. Mama Fleming alikaa mchana na kioo mbele yake, lenzi ya mkono machoni, akisoma alama hizo moja moja. Ni kama mama anayechambua mawe: kwa mgeni yote ni sawa, kwake kila moja ina jina. Tena vioo vingine vilitoka Arequipa, nchi ya Peru, ambako Harvard walijenga kituo ili waone anga la kusini, lile ambalo Boston hawalioni na sisi tunaliona.

Alitengeneza makundi ya nyota kwa herufi, A, B, kuendelea. Orodha ilitoka mwaka 1890, nyota zaidi ya 10,000, na karibu kazi yote ya kuzipanga ilikuwa ya mikono yake. Jina lililowekwa mbele ya kitabu lilikuwa la Pickering. Hata lile wingu jeusi lenye umbo la kichwa cha farasi, aliloliona yeye kwenye kioo mwaka 1888, liliingia katika orodha ya wakubwa bila jina lake. Mchimbaji anayetoa jiwe zuri halafu anasikia PDG wa shimo anasifiwa kwa negosian, atalielewa jambo hili bila mwalimu.

Herufi N njo aliyowapa nyota za kaboni. Miaka 20 hivi mbele yake, mwaka 1868, Padri Angelo Secchi, Mjezuiti wa Roma, alikuwa amezitenga kama kundi la 4, zikiwa chache na nyekundu sana. Kaboni ni ile ile ya makala na masizi. Nyota ikizeeka na kuvimba, kaboni inayopikwa ndani hupanda juu na kuzuia mwanga wa bluu, ule mwekundu tu ndio unapita. Washa taa ya mafuta yenye kioo kilichojaa masizi, utaona karibu jambo lenyewe.

Sasa tufike kwenye mshahara, maana hapo njo sisi wa chama tulipomsogelea mama huyu. Wanawake waliofanya naye kazi walianza na senti 25 kwa saa. Mwaka 1899 Harvard walimpa cheo cha kutunza picha zote za nyota, mwanamke wa kwanza kupata cheo rasmi pale. Mwaka uliofuata aliandika katika daftari kwamba analipwa dola 1,500 kwa mwaka wakati wanaume wengine wanapata 2,500. Alikwenda kuongea na mkubwa. Jibu likawa kwamba, kwa mwanamke, mshahara wake ni mzuri. Aliwaza hata kuacha kazi, ili Pickering aone atapata nini kwa wengine. Aliandika pia kwamba ana nyumba ya kulisha na mtoto wa kusomesha, sawasawa na wanaume. Kosa letu tungemwonyesha ni moja tu: alikwenda ofisini peke yake.

Mwaka 1906 wataalamu wa London walimfanya mwanachama wao wa heshima. Alikuwa amegundua nyota zaidi ya 300 zenye kubadilika mwanga, na 10 zilizolipuka ghafula. Alikufa kwa nimonia tarehe 21 Mei 1911, akiwa na miaka 54. Yule mtoto aliyeachwa na baba mbele ya kuzaliwa alisoma MIT, akawa injinia wa madini, akafanya kazi Chile.

Anayetaka kuona nyota moja ya kundi lake hahitaji kwenda Boston. Hapa Kanyabayonga tuko karibu kabisa na ikweta, tena taa za stima ni chache, giza letu ni zuri. Kaa uani kwako tu, siku hizi kutembea usiku si kwa kupendekeza. Zima torshi, ngoja dakika 20. Kati ya Januari na Machi, jioni, tafuta juu zile nyota 3 zilizopangana mstari, na karibu nazo nyota kali nyeupe inayoitwa Rigel. Ukitazama kusini, shusha jumele kidogo chini ya Rigel, karibu upana mmoja wa duara lake. Kule iko R Leporis, ambayo Mwingereza Hind aliiona mwaka 1845 ikiwa nyekundu kama tone la damu. Ukivuruga kidogo tu urekebishaji wa jumele, rangi inaonekana vizuri zaidi. Ila inapanda na kushuka mwanga kwa muda wa miezi 14 hivi, na ikishuka sana jumele haitoshi. Usipoiona msimu huu, itafute tena mwaka ujao.