Muindi Mbingu: Aliyetaka Watu Waulizwe Kwanza



Ukienda Nairobi kuswali Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, hatua chache tu kutoka hapo iko barabara ya Muindi Mbingu. Watu hupita hapo kila siku wakienda sokoni, wengine wakikimbilia matatu za kurudi Kitui na Wote. Je, umewahi kujiuliza huyo Muindi Mbingu alikuwa nani?

Hakuwa mfalme wala tajiri wa kutajwa. Alikuwa Mkamba wa Ngelani, katika milima ya Iveti huko Machakos. Na kama wewe ni wa Makueni, usidhani kwamba habari hii ni ya jirani. Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992, na familia nyingi za Makueni zilitoka katika milima hiyo. Babu zako wamo katika kisa hiki.

Ng'ombe walipoitwa adui

Hebu rudi nami kwenye miaka ya 1930. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewawekea Wakamba mipaka ya kuishi. Sehemu za malisho mazuri, kama vile milima ya Mua, zilikuwa mikononi mwa walowezi. Yatta, ambako wafugaji walizoea kupeleka mifugo wakati wa kiangazi, hawakuruhusiwa tena kuitumia kwa uhuru. Watu wakaongezeka, mifugo ikaongezeka, na ardhi ni ile ile. Udongo ukaanza kuchukuliwa na mvua, makorongo yakachimbika.

Tuwe wakweli, ndugu msomaji: udongo ulikuwa unaharibika kweli. Hilo halikuwa uongo wa mzungu. Ugomvi ulikuwa juu ya chanzo chake na juu ya dawa yake. Serikali ilisema ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe kwa nguvu. Wenyewe walisema ardhi imebanwa, ifunguliwe.

Wakati huo huo kampuni ya nyama ya Liebig, yenye makao yake Ulaya, ilikuwa imejenga kiwanda pale Athi River. Kiwanda kinahitaji ng'ombe, tena wa bei rahisi. Mwaka 1938 amri ikatolewa. Maafisa wakaja na askari, ng'ombe wakahesabiwa, wale waliozidi idadi iliyowekwa wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei ambayo mwenye mali hakuipanga.

Kwa Mkamba wa wakati huo ng'ombe alikuwa benki yake, maziwa ya watoto wake, mahari ya kijana wake na kinga yake wakati wa njaa. Sasa fikiria mtu anaingia nyumbani kwako, anachukua akiba yako ya maisha, halafu anakwambia ni kwa faida yako. Utanyamaza?

Safari ya Kariokor

Watu wa Ngelani hawakunyamaza. Waliunda chama, Ukamba Members Association, na Muindi Mbingu akawa sauti yake. Waliapa kwa mila zao kwamba hawatauza ng'ombe kwa kulazimishwa. Hawakuchukua mishale, ingawa Wakamba ni mafundi wa upinde na kila mtu anajua. Waliamua kwenda kumwona gavana mwenyewe.

Mwishoni mwa Julai 1938 wakaondoka. Walikuwa wanaume, wanawake na watoto, kati ya 1,500 na 3,000 kwa hesabu zinazotajwa, na kutoka Machakos hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 60. Walipofika wakapiga kambi Kariokor na kukaa hapo wiki kadhaa, wakila kwa shida na kulala nje kwenye baridi ya msimu ule.

Jina la mahali hapo lenyewe lina historia. Kariokor, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wakamba wengi walibebeshwa mizigo katika vita hivyo ambavyo havikuwa vyao, na wengi hawakurudi.

Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, alikataa kuwaona pale Nairobi. Alitaka warudi kwao kwanza. Wao wakasema hawatoki. Mwishowe, mwezi Agosti, gavana ndiye aliyefunga safari kwenda Machakos kufanya baraza.

Marafiki wa mbali na karibu

Watu hawa wa kijijini hawakupigana peke yao. Wanachama wa Kikuyu Central Association waliwasaidia. Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwatetea. Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa Uingereza, aliandika habari zao katika gazeti la huko, na maswali yakaulizwa katika Bunge la London. Mkamba, Mkikuyu, Mhindi na Mwingereza mwenye dhamiri, wote wakasimama upande mmoja. Hakuna aliyeambiwa aache ukabila wake wala dini yake ndipo asaidie.

Serikali ilikuwa na hofu nyingine pia. Wakamba walikuwa wengi sana katika jeshi la KAR na katika polisi, na Ulaya ilikuwa inanuka vita. Nani angependa kuwaudhi askari wake mwenyewe?

Ikafanya mambo mawili. Kwanza ikamkamata Muindi Mbingu na kumpeleka Lamu bila kumfikisha mahakamani. Hii ilikuwa desturi yao: wa pwani hupelekwa bara, kama Mekatilili wa Menza alivyopelekwa Kisii, na wa bara hupelekwa pwani, ili mtu akatwe na watu wake. Pili, kabla mwaka 1938 haujaisha, ikaiondoa amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Kiongozi alifungwa, dai lake likapita.

Mwaka 1940 chama chake kilipigwa marufuku, pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha Wataita. Muindi Mbingu aliuawa mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari. Bendera ya uhuru ilipanda miaka 10 baadaye, yeye hakuiona.

Udongo ulipona vipi?

Labda utasema: sawa, walishinda, lakini udongo je? Swali zuri.

Baada ya vita vikuu vya pili serikali ilifungua pori la Makueni, lililokuwa na ndorobo wengi, watu wahamie. Mwanzoni wengi walisita, wakishuku kwamba ni mtego wa kuchukuliwa ardhi. Matuta ya kuzuia mmomonyoko nayo yalichimbwa kwa kulazimishwa, na watu wakayachukia. Lakini kazi ilipoachiwa vikundi vya mwethya, yaani ujirani wa kusaidiana shambani, ambao wanawake ndio nguzo yake, matuta yakaenea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulilinganisha Machakos ya 1930 na ya 1990, Makueni ikiwemo. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, na bado ardhi ilikuwa imetunzwa vizuri zaidi kuliko awali.

Kitui nako tazama mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwenye mito ya msimu tangu miaka ya 1990. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, lakini mawe, mchanga na jasho vilitoka kwa wanakijiji wenyewe. Leo mtu anachimba mtoni wakati wa kiangazi na kupata maji.

Hapo ndipo ilipo tofauti, ndugu yangu. Liebig nayo ilikuwa na fedha za ng'ambo, na kwa kauli ya serikali Mkamba naye alikuwa anafaidika. Kilichokosekana ni ridhaa yake. Mataifa yanaweza kushirikiana, na yanahitajiana. Kenya ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwezi huo huo wa uhuru, Desemba 1963, na mwaka 1999 ikatia saini mkataba wa Arusha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mkono unaovutwa kwa nguvu hauwezi kuitwa mkono wa urafiki. Uhuru wa taifa ni kuweza kusema ndiyo au hapana, na taifa litaipata wapi sauti hiyo kama mwananchi wake haulizwi?

Wewe na mimi

Katiba ya 2010 inasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Inataka pia washirikishwe katika maamuzi, na Makueni imesifiwa kwa kupeleka mijadala ya bajeti mpaka vijijini. Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu, tunaliita shura.

Kwa hiyo kijana, ukisikia kuna kikao cha wadi kuhusu barabara, maji au zahanati, usiseme ni mambo ya wazee. Nenda. Uliza pesa zimetoka wapi, nani atafaidika, na nani hakuulizwa. Kama unaona uvivu, kumbuka kuna watu waliotembea kilomita 60 na watoto mgongoni ili wasikilizwe tu.