Harry Thuku: Mwana wa Kambui na Suala la Kahawa

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 Kambui, Kiambu, si mbali na Ruiru. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na eneo hilo likaenea mashamba ya kahawa ya walowezi. Wenyeji wengi wakageuka vibarua. Kitovu cha elimu Kambui kilikuwa misheni ya Gospel Missionary Society. Thuku alijiunga nayo mwaka 1907, akakaa kwa mmishonari William Knapp miaka minne, akijifunza kusoma na kuandika.

Elimu hiyo ilimfikisha Nairobi, alikopanga chapa gazetini kisha akawa karani wa simu Hazina. Mwaka 1921 walowezi waliazimia kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Kipande na kodi viliwalemea wanaume, huku wanawake na wasichana wakilazimishwa kuchuma kahawa ya walowezi. Ndipo Thuku alipoasisi Young Kikuyu Association, kisha East African Association, iliyovuka mipaka ya kabila.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika kituoni alikozuiliwa. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli, akawaongoza wanawake kusonga mbele. Askari walifyatua risasi, naye akauawa. Serikali ilitaja vifo 21. Wengine walitaja zaidi.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, kisha Lamu, Witu na Marsabit. Akiwa huko, mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wanawake uliwagawa waumini wa Kambui, na vuguvugu la shule na makanisa huru likashika kasi. Aliporejea mwaka 1931 alikuta jamii iliyogawanyika. Mwaka 1932 aliongoza Kikuyu Central Association, lakini mwaka 1935 akaunda Kikuyu Provincial Association, iliyoitii serikali. Mwaka 1952 alilaani Mau Mau hadharani. Wengi wakamwona msaliti.

Aidha, kwa muda mrefu Waafrika wa Kiambu walizuiwa kukuza kahawa. Kizuizi kilipoondolewa, Thuku aliikuza kwa bidii, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki tarehe 14 Juni 1970.

Hivyo basi, si haki kumkumbuka kwa mwaka 1922 pekee, wala kwa mwaka 1952 pekee. Zao lililowatesa wanawake aliowatetea ndilo alilotaka Mwafrika alimiliki, na watu wake hawakuafikiana naye kuhusu njia ya kulifikia lengo hilo.