Bonganga wa Yakusu

Ukishuka mto kutoka Kisangani, si mbali utafika Yakusu. Hapo Stanley Browne, daktari wa misheni ya Baptisti kutoka London, alihudumu tangu 1936 hadi 1959. Watu walimwita Bonganga. Alizunguka vijijini akitafuta wenye ukoma, ambao wengi walifichwa. Zamani zile walidungwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, yaliyokamuliwa katika mbegu za mti wa Asia. Yaliuma sana na kusaidia kidogo. Dawa za salfoni zikaja, zikawa afadhali.

Huko Dublin, Vincent Barry na wenzake walichunguza kemikali ya yale maganda ya kijivu yanayoota juu ya mawe, ambayo sisi tunayapita tu. Walitafuta dawa ya kifua kikuu. Utafiti huo ukazaa B663, lakini kwa kifua kikuu haikufaulu. Browne, akiwa sasa Uzuakoli, Nigeria, aliwajaribia wagonjwa wa ukoma, na mwaka 1962 akatangaza kwamba inasaidia. Ngozi ilibadilika rangi, jambo gumu kwa mtu aliyekwisha kuchekwa.

Browne alifariki 1986. Dawa ile, klofazimini, bado imo katika pakiti ya dawa tatu za ukoma, nayo hutolewa bure.