Ivan Pavlov, Mwana wa Kasisi

Mwaka 1849 katika mji wa Ryazan, nchi ya Urusi, alizaliwa Ivan Petrovich Pavlov, mwana wa kasisi. Akatiwa katika chuo cha makasisi, apate kumfuata baba yake katika kazi. Lakini kijana alisoma vitabu vya elimu ya viumbe, moyo wake ukageuka; mwaka 1870 akakiacha chuo, akaenda Petersburg kujifunza jinsi miili ya wanyama ifanyavyo kazi.

Miaka mingi alichunguza jinsi tumbo liyeyushavyo chakula, hata mwaka 1904 akapewa zawadi ya Nobel. Katika kazi hiyo ilionekana ya kuwa mbwa hudondokwa na mate kabla ya kuonja chakula, mara wasikiapo vishindo vya miguu ya mtu awalishaye. Wengine wangalilipita jambo hilo, yeye alilishika. Alipiga chombo chenye mlio, kisha akampa mbwa chakula. Akarudia hivyo mara nyingi, hata mlio peke yake ukatosha kumdondosha mate. Tena mlio ukipigwa mara kwa mara pasipo chakula, mate hukoma. Naye aliyapima mate hayo tone kwa tone. Hivyo alionyesha ya kuwa kujifunza kwa mnyama kwaweza kuchunguzwa na kuhesabiwa.

Hatuwafichi ya kuwa imani ya baba yake ilimtoka, nasi tuliofundishwa seminarini hatulisomi jambo hilo pasipo huzuni. Hata hivyo yafaa tulikumbuke tendo lake moja. Mwaka 1924 wana wa makasisi walifukuzwa katika Chuo cha Uganga cha Jeshi mjini Petersburg, ulioitwa wakati huo Leningrad, kwa kuwa watawala waliipinga dini. Pavlov alikuwa mwalimu mkuu pale, mwenye sifa duniani pote, wala hakuna aliyemfukuza. Akawaambia ya kuwa yeye naye ni mwana wa kasisi, na hao wakitoka, naye atatoka. Akakiacha kiti chake.

Alifariki tarehe 27 Februari 1936, mwenye umri wa miaka 86.

Ndugu, wengi wetu huufuata mlio utuleteao chakula, tukanyamaza mwenzetu aonewapo. Mtu huyu, asiyeikiri imani yetu, hakunyamaza. Je, sisi tuikirio tutanyamaza?