Bessie Coleman: rubani aliyefariki kabla ya kufungua shule yake

Mwanzoni mwa Mei 1926, jeneza la mwanamke mwenye umri wa miaka 34 liliwasili Chicago kwa treni likitokea Florida, kusini mwa Marekani. Maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kumlilia katika ibada iliyofanyika Jacksonville, mji alikofia, na Orlando nako walimwaga kwa ibada yao. Huko Chicago inakadiriwa kuwa watu wapatao 10,000 walijitokeza kutoa heshima za mwisho. Aliyeongoza shughuli hiyo alikuwa Ida B. Wells, mwandishi aliyetumia maisha yake kupiga vita mauaji ya Wamarekani Weusi yaliyofanywa na magenge ya Wazungu.

Marehemu aliitwa Bessie Coleman. Hakuwa mwanasiasa wala mwimbaji. Alikuwa rubani wa maonyesho, mtu aliyelipwa ili aibinue ndege angani mbele ya watazamaji waliosimama shambani. Wengi katika umati ule wa Chicago hawakuwa wamewahi kukaribia ndege, seuze kupanda, na bado walimlilia kama mtoto wao.

Coleman alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 katika mji mdogo wa Atlanta, jimboni Texas, akiwa wa kumi kati ya watoto kumi na watatu wa Susan na George Coleman. Familia ilihamia Waxahachie, nchi ya mashamba ya pamba. Baba yake, ambaye alikuwa na damu ya Wenyeji wa Asili wa Marekani, alichoshwa na ubaguzi wa Texas na mwaka 1901 akaondoka kwenda Oklahoma. Mama alibaki na watoto, akifanya kazi katika nyumba za Wazungu. Bessie alisoma katika shule ya chumba kimoja iliyotengwa kwa watoto Weusi, akitembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi. Msimu wa pamba ulipofika, shule ilisimama na watoto wakaingia shambani. Alipenda hesabu. Mwaka 1910 alijiunga na chuo cha Weusi cha Langston, Oklahoma, lakini baada ya muhula mmoja akiba yake ilikwisha, akarudi nyumbani kufua nguo za watu.

Mwaka 1915 aliwafuata kaka zake Chicago, akapata kazi ya kutengeneza kucha katika duka la kinyozi. Kazi hiyo ilimpa jambo moja kubwa: masikio. Wanaume waliorejea kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia walikaa kwenye viti vya kinyozi wakisimulia habari za ndege za Ulaya. Kaka yake John, aliyekuwa amepigana Ufaransa, alikuwa na tabia ya kumtania kwamba wanawake wa Kifaransa wanarusha ndege, jambo ambalo wanawake Weusi wa Chicago wasingeliweza kamwe. Utani huo ulimwingia. Alianza kutafuta shule ya urubani, na kila aliyemwendea alimkatalia, kwa sababu ya rangi yake na kwa sababu ya jinsia yake.

Aliyemwonyesha njia alikuwa Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, lililosomwa na Weusi kote nchini. Ushauri wake ulikuwa rahisi kuutamka na mgumu kuutekeleza: ajifunze Kifaransa, akusanye fedha, aende Ufaransa. Coleman alisoma lugha hiyo, akaweka akiba, akapata msaada wa wafadhili akiwemo Jesse Binga, mwenye benki Mweusi wa Chicago, na tarehe 20 Novemba 1920 akapanda meli mjini New York. Wasikilizaji wetu wengi waliovuka mipaka kutafuta cheti ambacho kwao hawakuweza kukipata hawatahitaji kuelezwa uzito wa safari kama hiyo.

Alijiunga na shule ya ndugu Caudron, katika mji wa Le Crotoy kaskazini mwa Ufaransa. Ndege aliyojifunzia, aina ya Nieuport, ilikuwa na jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, yaliyotengenezwa kwa fremu za mbao na kufunikwa kitambaa, na kabla ya kila safari mwanafunzi alipaswa kuikagua mwenyewe. Akiwa huko alishuhudia mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali. Hakuondoka. Tarehe 15 Juni 1921 alipewa leseni ya shirikisho la kimataifa la usafiri wa anga, akawa mwanamke wa kwanza Mweusi, na wa kwanza mwenye asili ya Wenyeji wa Marekani, kuwa nayo. Leseni hiyo inaonyesha kwamba alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa amejipunguzia miaka minne, na sidhani kama kuna wa kumlaumu.

Kwa Kiswahili tunamwita mtu wa namna hiyo rubani, neno lililotoka baharini, kwa yule aliyejua kupitisha chombo penye miamba. Kwa kazi aliyorudi kuifanya Coleman hatuna neno moja. Marekani ya miaka ile haikuwa na mashirika ya ndege ya kumwajiri, na hata yangekuwepo yasingemchukua. Kilichokuwepo ni maonyesho. Baada ya vita, jeshi liliuza kwa bei ya chini ndege za mafunzo aina ya Curtiss JN-4, maarufu kwa jina la Jenny, na vijana wenye ujasiri wakazinunua na kuzunguka nazo mji hadi mji. Huku kwetu Kanada ndege hizo hazikuwa ngeni, kwani kiwanda kimoja cha Toronto kiliunda zaidi ya elfu moja za aina hiyo wakati wa vita. Rubani alitua katika shamba, akakusanya watu, akapaa na kuizungusha ndege kichwa chini, akaiacha ianguke kama jiwe na kuinyanyua karibu na ardhi. Kisha akatoza ada kwa waliotaka kupandishwa.

Hapa pana jambo lisilopendeza kulisema, lakini ni kweli: watazamaji walilipa ili waone hatari. Bila uwezekano wa ndege kuanguka, kiingilio kisingelipwa. Harriet Quimby, mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata leseni ya urubani, alifariki Julai 1912 karibu na Boston baada ya yeye na abiria wake kurushwa nje ya ndege mbele ya umati. Lincoln Beachey, aliyekuwa bingwa wa wote, alizama katika ghuba ya San Francisco mwaka 1915 baada ya mabawa ya ndege yake kuvunjika. Waliowashangilia ndio waliowazika.

Coleman alirudi Ulaya mwaka 1922 kuongeza ujuzi, kisha tarehe 3 Septemba mwaka huo akafanya onyesho lake la kwanza Marekani, katika uwanja wa Curtiss karibu na New York, kwa heshima ya wanajeshi Weusi wa kikosi cha 369 waliopigana Ufaransa. Wiki chache baadaye alikuwa Chicago, akichora tarakimu ya nane angani. Magazeti ya Weusi yalimwita Malkia Bess. Mwezi Februari 1923, huko California, ndege ya kwanza aliyoinunua mwenyewe ilizimika injini muda mfupi baada ya kupaa. Alivunjika mguu na mbavu, ndege ikawa haifai tena. Ilimchukua muda mrefu kurejea angani.

Fedha alizozipata zilikuwa na kazi moja. Alitaka kufungua shule ambako vijana Weusi, wanaume kwa wanawake, wangejifunza kurusha ndege bila kulazimika kwenda Ulaya. Kwa ajili hiyo alihutubia makanisani, mashuleni na katika kumbi za sinema, akionyesha filamu za safari zake. Akiwa Orlando alifungua hata saluni ya urembo ili kuongezea mapato.

Lakini mwanamke huyu mwenye shida ya fedha alikuwa pia na tabia ya kuzikataa fedha. Alipewa nafasi ya kuigiza katika filamu, na alipoambiwa kwamba tukio la kwanza lingemwonyesha akiwa amevaa matambara, na fimbo mkononi na furushi mgongoni, kama mshamba aliyeingia mjini kwa mara ya kwanza, aliondoka. Waliokuwa wamewekeza katika mpango huo walikasirika. Huko Waxahachie, mji wa utoto wake, waandaaji walipanga malango mawili, moja la Wazungu na jingine la Weusi. Coleman aliwaambia kwamba hangepaa. Baada ya mabishano walikubali lango moja, ingawa ndani ya uwanja watu walikaa wametengwa vilevile. Ulikuwa ushindi nusu. Aliupokea, akapaa.

Misimamo hiyo ilikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilionekana katika ndege alizoweza kuzinunua. Mwaka 1926 alialikwa Jacksonville na chama cha ustawi wa Weusi kufanya onyesho la tarehe 1 Mei. Hakuna mtu pale mjini aliyekuwa tayari kumkodisha ndege mtu Mweusi. Kwa msaada wa Edwin Beeman, kijana wa familia tajiri iliyotengeneza ubani wa kutafuna, alimalizia malipo ya Jenny moja iliyokuwa Dallas. William Wills, fundi na rubani Mzungu mwenye umri wa miaka 24, aliileta hadi Florida, na njiani alilazimika kutua zaidi ya mara moja kwa sababu ya hitilafu. Waliomtakia mema Coleman walimsihi asiipande.

Asubuhi ya tarehe 30 Aprili alikwenda kukagua uwanja. Kesho yake alipanga kuruka kwa mwavuli, kwa hiyo alihitaji kuona kutoka juu mahali pa kutua. Wills ndiye aliyeshika usukani. Coleman alikaa katika kiti kingine, na kwa kuwa ukingo wa ndege ulikuwa juu kwa mtu wa kimo chake, aliacha mkanda bila kuufunga ili aweze kuinama na kuchungulia chini. Dakika kama kumi baada ya kupaa, ndege iliongeza kasi ghafla, ikaelekea chini, ikazunguka na kupinduka. Coleman alitupwa nje na kufa alipogonga ardhi. Wills alishindwa kuinyanyua ndege, ikaanguka naye akafa. Mabaki yake yalishika moto. Wachunguzi walikuta spana iliyokuwa imeteleza na kukwama katika mitambo ya kuongozea ndege.

Tangu siku ile wapo wanaosema kwamba kosa lilikuwa ni mkanda. Mkanda ungemzuia asitupwe nje, lakini Wills, aliyebaki ndani ya ndege, hakupona. Kilichowaua wote wawili ni chombo chakavu, na Coleman alipanda chombo chakavu kwa sababu milango ya vyombo vizuri ilikuwa imefungwa kwake. Baadhi ya magazeti ya Wazungu yaliandika kifo hicho kana kwamba ni habari ya Wills, na Coleman akatajwa kidogo tu, kama mwanafunzi wake. Huenda hiyo ni sababu moja ya kusanyiko lile la Chicago kuwa kubwa kiasi kile.

Alizikwa katika makaburi ya Lincoln, nje kidogo ya Chicago. Mwaka 1929 William Powell, mhandisi na mwanajeshi wa zamani, alianzisha Los Angeles klabu ya urubani iliyobeba jina la Coleman. Mwaka 1931 marubani Weusi wa Chicago waliokuwa wamejiunga katika chama chao cha Challenger walipaa juu ya makaburi hayo na kudondosha maua juu ya kaburi lake. Desturi hiyo ikawa ya kila mwaka. Mwanaanga Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mweusi kwenda anga za juu, alibeba picha ya Coleman katika safari yake ya mwaka 1992.

Viongozi wa chama cha Challenger walikuwa Cornelius Coffey na John Robinson, mafundi wawili wa magari ambao nao walikataliwa mwanzoni na shule ya ndege mjini Chicago kabla ya kupokelewa. Coffey, pamoja na rubani Willa Brown, aliendesha baadaye shule ya urubani papo hapo Chicago, na baadhi ya wahitimu wake waliingia katika kikosi cha marubani Weusi wa Tuskegee katika Vita vya Pili vya Dunia. Robinson yeye alivuka bahari. Mwaka 1935, Italia ilipojiandaa kuivamia Ethiopia, alikwenda Addis Ababa na kukabidhiwa uongozi wa jeshi dogo la anga la Mfalme Haile Selassie, lenye ndege chache zisizo na silaha za maana. Vita vilishindwa, akarudi Marekani. Mwaka 1944 alisafiri tena kwenda Ethiopia, safari hii kufundisha vijana wa nchi hiyo kurusha ndege, na huko ndiko alikofariki mwaka 1954 baada ya ajali ya ndege.