Mfinyanzi Aliyewatetea Watumwa

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 huko Burslem, Uingereza, katika ukoo wa wafinyanzi. Utotoni aliugua ndui, nayo ikamdhoofisha mguu hata hakuweza kuliendesha vema gurudumu la kufinyangia. Mguu huo ulikatwa mwaka 1768. Hakukata tamaa, alichunguza udongo na rangi, akawa fundi mashuhuri.

Mwaka 1787 kiwanda chake kilifanyiza nishani ndogo za udongo zenye sura ya mtumwa aliyepiga magoti, amefungwa minyororo. Alizigawa bure. Wanawake walizivaa kama mapambo, na kila aliyeziona alikumbushwa dhuluma ile.

Wedgwood alifariki mwaka 1795. Bunge la Uingereza liliikataza biashara ya watumwa mwaka 1807. Mavuno hakuyaona, lakini mbegu aliipanda. Wenzangu, tusidharau kazi ya mikono.